Kurasa Mbili kwa Yule wa Tai

Nina daftari lenye jalada la bluu ambalo sasa liko chini kabisa ya droo, chini ya karatasi za kaboni ambazo hakuna anayezitumia tena. Ndani yake niliandika, kwa muda wa karibu miaka mitatu, maoni yangu kuhusu watangazaji wawili wa vipindi vya mazungumzo vya usiku kwenye televisheni. Kila ukurasa una safu nne: mgeni alikuwa nani, mtangazaji alimkatiza mara ngapi, ni maswali mangapi yaliyotokana na jibu lililotangulia, na mgeni aliondoka na uso gani. Nilijivunia daftari hilo. Siku hizi nikilifikiria masikio yangu hupata joto.

Nina duka la kuchapa na kunakili hati katika ghorofa ya pili ya jengo la zamani, katikati ya mji, upande wa River Road. Nachapa mikataba ya nyumba, barua za kuomba kazi, viapo vya watu waliopoteza vitambulisho, na zaidi ya yote vijitabu vya mazishi: picha ya marehemu kwenye jalada, ratiba ya ibada, kisha kurasa mbili au tatu za wasifu. Kazi hii sikuisomea. Shule niliiacha kidato cha pili, na mengine yote niliyapata katika vitabu vya mitumba vilivyotandazwa kando ya barabara. Nilinunua kimoja kimoja na kukisoma chote, hata kilipokuwa cha mambo yasiyonihusu. Mtu aliyejifunza hivyo hupenda utaratibu kupita kiasi. Hakuna aliyempa cheti, kwa hiyo hujipa sheria.

Sheria yangu kubwa inahusu wasifu. Rasimu ya kwanza huwa na kila kitu. Familia inaketi mbele yangu, mmoja anasema, mwingine anamsahihisha, nami naandika yote: shule aliyofukuzwa, mke wa kwanza, miaka ambayo hakuonekana nyumbani. Kisha nachapa nakala moja na kuwapa pamoja na kalamu nyekundu. Wanaenda nayo kwenye benchi la korido na kufuta wanachotaka kufuta. Siulizi sababu. Kinachobaki baada ya wino mwekundu ndicho kinachochapishwa. Juu ya mashine nimebandika tangazo: HATUCHAPI KABLA YA FAMILIA KUSOMA. Nililibandika baada ya mjane mmoja kukuta kwenye kijitabu jina la mtoto ambaye hakuwahi kumsikia, asubuhi ya mazishi, nakala zikiwa tayari mikononi mwa watu. Tangu siku hiyo sikuwahi kuruka hatua hiyo. Nayasema haya ili ieleweke kwamba nilijua.

Duka linalopakana na langu ni la kanzu, kofia na buibui. Mwenyewe ni mtu wa Pwani, amenizidi umri kwa miaka kumi hivi, na jioni hufundisha madrasa. Kwa hiyo jengo zima humwita Maalim. Yeye huniita Mwandishi. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaanza kupanda ngazi, huja na chupa ya kahawa chungu yenye tangawizi na vikombe viwili vidogo, na kuketi kwenye benchi langu. Nina televisheni ndogo juu ya rafu, ya kuwaliwaza wanaosubiri, na asubuhi vipindi vya usiku hurudiwa. Hapo ndipo ubishi wetu ulipoanzia.

Watangazaji wetu walikuwa wawili, wa stesheni mbili tofauti. Mmoja alivaa suti na tai, na kitambaa kwenye mfuko wa kifuani, na mkononi alikuwa na kadi za maswali. Tulimwita wa Tai. Mwingine alivaa fulana na raba nyeupe, hakuwa na kadi yoyote, na mara nyingi hakuwa na hakika mgeni wake ameandika nini au ameimba nini. Huyo tulimwita wa Raba. Nusu ya jengo, Maalim akiwemo, ilikuwa upande wa wa Raba kwa sababu anachekesha. Mimi nilikuwa upande wa wa Tai, na hoja zangu zilikuwa daftarini.

"Jana wako amemkatiza mgeni mara kumi na nne," nilimwambia Maalim asubuhi moja. "Kumi na nne, Maalim. Yule mama hakumaliza hata sentensi moja kuhusu zahanati yake."

"Alimaliza kucheka. Aliingia amekunja uso, akatoka meno yote nje. Hilo umeliandika?"

"Kuna safu ya uso."

"Umeandika nini?"

Nilitazama. "Nimeandika: mchangamfu."

"Basi daftari lako liko upande wangu. Lete kikombe."

Asubuhi nyingine alinieleza kwa urefu zaidi kwa nini wa Tai hampendezi. "Yule wako ajua majibu yote kabla hajauliza. Sasa mgeni ameitwa wa nini? Kutoa ushahidi?"

"Amejiandaa," nilisema. "Kujiandaa ni heshima."

"Mie nikialika mtu nyumbani, nampikia. Simchunguzi. Huyu wa Raba hajui lolote, ni kweli. Lakini mgeni akiona mwenyeji wake hajui, mgeni mwenyewe achagua la kusema na la kuacha."

"Huo ni uvivu, Maalim."

"Uvivu wenye adabu," alisema, akanywa.

Sentensi ile, kwamba kujiandaa ni heshima, niliisema mara nyingi sana. Niliwaambia hata wateja. Karani mmoja wa ofisi ya wakili, aliyekuwa akija kila siku kunakili hati, alizoea kuisema kabla yangu akiwa bado mlangoni, ili anichokoze.

Maalim ana binti ambaye hushona viatu. Alianza peke yake, katika chumba kimoja Dagoretti karibu na machinjio, kwa kuwa huko ngozi hupatikana kwa urahisi. Leo ana mafundi wanne, na viatu vyake vya shule vinajulikana kwa kutofumuka. Mimi huniita Ami, kama ndugu wa baba yake. Alianza kuniita hivyo wakati wa msiba. Miaka sita kabla ya mambo ninayoyasimulia alikuwa ameolewa na alikuwa na mtoto mchanga. Mtoto aliishi siku arobaini na moja. Asubuhi hiyo Maalim aliingia dukani kwangu bila chupa ya kahawa, akiwa na karatasi za hospitali, akaniomba nimjazie fomu ya kibali cha mazishi. Nilijaza. Mtoto alizikwa siku hiyohiyo baada ya sala ya adhuhuri. Wiki chache baadaye, Maalim aliniambia kwamba kiatu cha kwanza binti yake alichowahi kushona kilikuwa cha mtoto yule, cha ngozi laini, urefu wa kidole, na hakikuvaliwa. Ndoa haikudumu, na jambo lile halikutajwa tena mbele yangu. Nilikaa nalo kama ninavyokaa na mambo ya watu wengi.

Mwaka wa mambo haya viatu vyake vilionyeshwa katika uwanja wa shule moja ya Lavington, siku ya wazazi, na watu wa vipindi vyote viwili wakamtafuta, mmoja baada ya mwingine. Binti alikuja dukani kwangu kuzungumza na baba yake, kwa sababu baba yake hukaa kwangu zaidi ya anavyokaa kwake.

"Ami, Baba asema niende kwa wa Raba. Wewe wasemaje?"

"Huyo atakuvika kiatu kichwani watu wacheke," nilisema.

"Na watu watakiona kiatu," Maalim alisema kutoka kwenye benchi.

Binti hakucheka. Alieleza kwamba shule kadhaa za upande wa magharibi wa mji zilikuwa zinatafuta mtu mmoja wa kuzishonea viatu vyote, na wakuu wao walikuwa bado hawajaamua. Walikuwa wamekwenda kuiona karakana yake, wakamsifu, wakampiga picha na mafundi wake, wakamwuliza kama anapokea misaada.

"Sitaki waone mradi wa akina mama," alisema. "Nataka waone kiatu. Wakikunje, wakivute, waulize ngozi imetoka wapi. Nikipata dakika ishirini za hivyo tu, mengine nitayafanya mwenyewe."

Nilifungua daftari. Nilimsomea jinsi wa Tai alivyomhoji fundi wa saa, na mwalimu wa hesabu, na mwanamke aliyefuga nyuki. Maswali mangapi yalihusu kazi, mangapi yalihusu maisha ya nyumbani. Nilikuwa na takwimu zangu na nilizisoma kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Maalim alisikiliza mpaka mwisho, akainua mabega. Binti alichagua wa Tai.

Siku nne kabla ya kurekodiwa, mwanamke mmoja mwenye sauti ya haraka alinipigia simu. Alisema yeye ndiye anayemwandikia wa Tai kadi, na kwamba binti amempa namba yangu kama mtu anayeijua kazi yake.

"Anko, tunataka tu stori yake. Ametoka wapi, amepitia nini. Tukiwa na stori, kadi zinajiandika."

"Amepitia nini kwa maana gani?"

"Si unajua, anko. Vitu zimemfanya akakuwa vile ako. Unaweza nitumia kitu, hata kama ni fupi?"

Nilimuuliza kama mtangazaji mwenyewe ataisoma.

"Huyo husoma kila kitu," alisema.

Hapo ndipo nilipoanguka, na hakuna aliyenisukuma. Niliweka simu chini, nikasogeza kando kijitabu cha mazishi kilichokuwa kimebaki nusu, nikaanza kuandika. Niliandika kama ninavyoandika wasifu, kwa aya zenye namba, kuanzia kuzaliwa. Niliandika vizuri. Aya kuhusu ngozi, jinsi anavyoipima kwa kidole gumba kabla ya kuikata, niliisahihisha mara tatu. Nilimwona wa Tai akiwa na karatasi yangu mkononi, akimwuliza msaidizi wake ni nani huyu anayeandika hivi.

Aya ya sita ilikuwa na mistari minne: ndoa, mtoto, siku arobaini na moja, na kwamba kiatu cha kwanza alichowahi kushona hakikuvaliwa na mtu. Chini yake niliongeza: Jambo hili ni la kumjulisha mtangazaji tu, lisiulizwe.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliandika aya hiyo. Jibu nililojipa kwa muda mrefu ni kwamba mtangazaji anayejiandaa lazima ajue pasipoguswa, kama fundi wa umeme anavyohitaji kuujua waya wenye moto. Ni jibu zuri. Jibu la kweli ni kwamba bila aya ya sita kurasa zangu zilikuwa za kawaida.

Tangazo lilikuwa juu ya kichwa changu. Kalamu nyekundu ilikuwa kwenye kopo. Maalim alikuwa upande wa pili wa ukuta, namsikia akimpimia mtu kanzu, na binti alikuwa na simu kama watu wote. Nilituma kurasa zile mbili saa tano na dakika kumi asubuhi, nikarudi kwenye kijitabu cha mazishi, na alasiri familia ilipokuja niliwapa rasimu yao na kalamu, nikawaambia wasiwe na haraka.

Kipindi kilionyeshwa saa nne na nusu usiku. Nilikitazama nyumbani Mutuini pamoja na mke wangu, ambaye hapendi watangazaji wote wawili na hushona vitambaa wakati mimi nikitazama. Dakika za kwanza zilikwenda kama nilivyoahidi. Wa Tai alichukua kiatu, akakikunja, akauliza soli imeshikizwa kwa kitu gani. Binti alijibu kwa ufupi, mikono ikitembea, kama anavyozungumza akiwa Dagoretti. Nilihesabu: hakumkatiza hata mara moja.

Kisha wa Tai akaziweka kadi zake mezani, zote isipokuwa moja. Akashusha sauti.

"Kiatu cha kwanza ulichowahi kushona hakikuvaliwa na mtu," alisema. "Kilikuwa cha nani?"

Ilikuwa sentensi yangu. Neno kwa neno, ila "alichowahi" yangu imekuwa "ulichowahi". Nami, kabla sijafikiri jambo lolote, nilitabasamu. Ningependa kusema kwamba ilikuwa chini ya sekunde moja, lakini ilikuwa ndefu ya kutosha kwa mke wangu kuinua macho kutoka kwenye kitambaa chake.

"Unacheka nini?"

"Sicheki."

"Mzee, huyo msichana analia."

Hakuwa analia bado. Alikuwa ametazama kando ya kamera, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na asijue limetoka wapi. Kisha akalia. Wa Tai aliinuka, akazunguka meza, akatoa kile kitambaa cha mfuko wa kifuani, ambacho mimi siku zote nilidhani kimeshonewa humo, akampa. Watu waliokuwa studioni walipiga makofi. Dakika zilizobaki zilikuwa za mtoto, na ndoa, na nguvu ya kina mama. Kiatu kilikuwa mezani muda wote. Kamera ilikuwa imesogea karibu na uso wake, na kilichoonekana ni ncha tu, pembeni chini.

Kesho yake jengo lote lilikuwa limehamia upande wangu. Hilo sikulitarajia. Watu waliokuwa wakimcheka wa Tai kwa miaka walipita mlangoni kunipa mkono.

"Leo nakubali," yule karani wa wakili alisema. "Vile alimpea kitambaa. Wa Raba hangeweza. Hata mimi machozi yalinitoka, na mimi si mtu wa kulia."

"Kujiandaa ni heshima," mwenzake alisema, bila kunichokoza safari hii.

Siku chache baadaye zile shule ziliandika. Zilimpa binti pole kwa yaliyompata, zikamwomba aje kuzungumza na kina mama siku ya wazazi. Kuhusu viatu hazikuandika neno, na baadaye tulisikia kazi imepewa kiwanda.

Asubuhi ile ya kwanza baada ya kipindi, Maalim alikuja karibu saa nne, amechelewa, na chupa ya kahawa hakuifungua. Alikaa kwenye benchi huku ameishika magotini.

"Nani amewaambia?" alisema.

Nilifungua kifuniko cha mashine.

"Nje ya nyumba yangu wanaojua hawafiki watano. Wewe sikuhesabu, Mwandishi." Alifikiri. "Kuna yule mwanamke amshoneaye sehemu za juu za viatu. Wamekaa pamoja miaka. Na nduguye ni mfanyakazi wa nyumbani Lavington, kwa mtu wa televisheni. Ni yeye. Waonaje?"

Nilikuwa na karatasi mkononi. Niliiweka kwenye mashine, nikaiweka sawa pembe zote, na nikasema, "Huenda."

Ni neno moja tu, na nimeyasema maneno mengi mabaya zaidi maishani, kwa hasira au kwa ujinga. Lakini hili nililisema nikiwa mtulivu, baada ya kufikiri.

Yule mwanamke aliambiwa akae nyumbani kwanza. Binti hakutaka, baba yake alisisitiza, na binti siku zile hakuwa na nguvu za kubishana. Habari hii aliniletea Maalim mwenyewe, pamoja na kahawa. Niliinywa. Wakati kipindi cha asubuhi kilipoanza nilijifanya natafuta kitu kwenye droo.

Mke wangu, ambaye nilijisifu mbele yake siku nilipotuma kurasa zile, ndiye aliyeuliza. Alikuwa anachambua maharagwe, siku ya saba tangu yule mwanamke aambiwe akae nyumbani.

"Ile barua uliwaandikia wale watu wa televisheni. Msichana aliisoma kwanza?"

"Hapana."

Aliendelea kuchambua. "Huyo mwanamke wamemsimamisha, ana watoto wangapi?"

"Sijui."

"Unajua mambo ya watu wote, hiyo ndiyo hujui."

Siku iliyofuata, Jumamosi, nilikwenda Dagoretti. Nilikuwa nimechapa nakala ya kurasa zile mbili, na mfukoni nilikuwa na kalamu nyekundu. Hivyo ndivyo nilivyodhani mambo ya namna hii hufanywa. Binti alikuwa amesimama kwenye meza ya kukatia. Nilimwambia kilichonileta kwa sentensi moja, nikampa karatasi, na akaisoma palepale aliposimama, huku mafundi wawili wakigonga soli nyuma yake.

"Hii ndiyo waliyokuwa nayo?"

"Ndiyo."

"Yote hii?"

"Yote. Niliandika lisiulizwe."

"Nimeona." Alirudi ukurasa wa kwanza. "Hapa kwenye ngozi umeandika vizuri, Ami. Vizuri kuliko ningesema mimi. Hawakuuliza hata moja katika haya."

Nilitoa kalamu. Sijui nilitegemea nini. Nadhani nilitaka nimwone akifuta.

"Ya nini?" alisema.

"Nilipaswa kukupa."

"Hiyo ni ya kabla, Ami. Sasa nifute wapi?"

Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwa aproni yake, akapiga simu. Hakunikaribisha kiti. Baada ya robo saa hivi aliingia mwanamke wa umri kama wangu, amejifunga leso, mikono bado imekunjamana kwa maji ya kufulia. Binti alinionyesha kwa kidevu.

"Mwambie," alisema.

Nilimwambia. Nilitumia maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Yule mwanamke alinitazama viatu, kisha uso.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Mimi nimekaa kwa nyumba siku nane. Mzee wangu ananiuliza nimeiba nini. Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie hukufanya kitu."

"Hiyo nilimwambia siku ya kwanza." Alimgeukia binti. "Na huyo dada yangu mnasema, huyo mtu wa televisheni hata hajawahi muona. Yeye anafulia bibi yake tu."

Binti alimshika mkono, akamwambia kitu kwa sauti ya chini ambacho hakikuwa changu kukisikia. Mwanamke yule aliitikia kwa kichwa, akaenda kwenye cherehani iliyokuwa dirishani, akaifunua, akazungusha gurudumu kwa mkono, akasema kuna mtu ameichezea uzi.

"Kwa Baba utakwenda mwenyewe," binti aliniambia nilipokuwa nikiondoka. "Na usimpe karatasi."

Jumatatu Maalim alikuja na kahawa kama kawaida. Nilisubiri amimine. Mimi ni mtu wa kupanga, na nilikuwa nimepanga niseme nini kwanza na nini pili, lakini kwa mdomo mambo yalitoka kinyume: nilianza na yule mwanamke, nikarudi kwenye kipindi, nikaruka kwenye simu, na mwisho kabisa ndipo nilipofika kwenye aya ya sita. Ingekuwa rasimu ya mteja ningeirudisha.

Maalim hakunikatiza hata mara moja.

"Ile fomu," alisema nilipomaliza. "Nilikuletea wewe. Palikuwa na wachapaji wengine humu ndani."

"Ndiyo."

"Na siku nilipokuuliza, ulisema huenda."

"Nilisema."

Alikiweka kikombe chake kwenye benchi. Juu ya rafu wa Raba alikuwa akijaribu kucheza ngoma na mgeni wake, na wote wawili walikuwa wamekosea hatua.

"Izime hiyo," alisema Maalim.

Niliizima, na haijawashwa tena asubuhi. Wateja waliuliza, nikawaambia imeharibika. Huo nao ni uongo, lakini nimechoka kuuhesabu.

Maalim hakuacha kuja. Ni mtu wa adabu, na nadhani kuacha kungekuwa ni kusema jambo mbele ya jengo zima. Huja na chupa, humimina, huniuliza hali ya mke wangu na ya watoto, nami humuuliza hali ya biashara. Tunazungumza kuhusu maji yaliyokatwa, kuhusu ngazi zinazovunjika, kuhusu mwenye jengo. Mambo ya nyumbani kwake hayataji. Bado huniita Mwandishi, kwa sauti ileile. Mwanzoni nilidhani mambo yamerudi yalivyokuwa, mpaka nilipogundua kwamba hajaniletea hati yoyote. Kabla ya hapo nilimchapia kila kitu: orodha za wanafunzi wa madrasa, risiti, barua kwa baba mwenye nyumba, mialiko. Sasa kuna duka jingine la kuchapa ghorofa ya chini, lilifunguliwa na vijana wawili. Mara mbili tatu nimemwona akipanda ngazi na karatasi zimeviringwa chini ya kwapa, akinisalimu kwa mkono ulio huru.

Mwezi uliopita alibandika tangazo mlangoni mwake. Binti yake amechukua chumba cha pili Dagoretti na sasa anauza moja kwa moja kwa wazazi. Hakuna picha yake kwenye tangazo, wala maneno yoyote kuhusu maisha yake. Kuna kiatu tu, namba ya simu, na mahali pa kumpata. Lakini wale vijana wa chini wameivuta picha upande ili ijaze karatasi, na kiatu kinaonekana kirefu na chembamba, kama cha mtu mwingine. Pambizo la kushoto ni pana kuliko la kulia.

Nilisimama mbele ya tangazo na kikombe mkononi. Kulirekebisha ni kazi ya dakika mbili.

"Limetoka vizuri," nilisema.

"Alhamdulillahi," alisema Maalim, akaniongezea kahawa.